Foleni ya Saluni na Mwenye Ploti

Nicanor Obonyo hutengeneza kompyuta zilizomwagiwa chai, kwenye kibanda kilichobanwa na duka la hardware hapo Kawangware 56, Nairobi. Kazi hiyo haijamzeesha. Kilichomzeesha ni kumfundisha Eddah programu.

Eddah huosha vichwa kwenye saluni ya Mumbi, mlango wa pili. Mumbi alimwahidi hivi: aunde programu ya kupanga foleni ya wateja, Jumamosi nzima ipite bila vita, naye atatoka kwenye sinki akae kwenye meza ya kupokea wateja, kama watu. Ikishindikana, shampuu. Vidole vya Eddah vilikuwa vimechubuka, kwa hivyo alisoma kama mtu anayefukuzwa.

“Struct ni ramani ya nyumba,” Nicanor alimwambia. “Ramani moja, fundi anajenga nayo vyumba vyote vya ploti. Yako inaitwa Mteja. Kila mteja akiingia, unamjengea chumba. Jina, simu, namba ya foleni: hizo ndizo properties, vitu vya ndani.”

“Hiyo nimeshika, ticha.”

“Sasa, vitu vingine ni public, kila mtu anagusa. Vingine private, wa nje hagusi. Kama kitanda chako.”

“Kitanda changu?” Eddah alicheka. “Ticha, mimi naishi Mashimoni. Watoto wa Mama Daisy hulala hapo mchana. Ufunguo humwachia jirani.”

“Basi sufuria!”

“Iko matangani tangu juzi.”

Nicanor alishika kichwa. Mtu wa mahali ambapo ukikaanga pilipili ploti nzima inapiga chafya, utamweleza private kwa mfano gani? Alijaribu nguo za ndani. Akaambiwa kamba ya kuanikia ni moja. Mwishowe Eddah aliandika kila kitu public, kwa roho safi ya ujirani.

“Hiyo private yako ni uchoyo tu,” alisema.

Jumamosi tablet ikawekwa mlangoni. Kabla chai haijapoa, wateja watano walikuwa namba moja. Kila aliyeona namba yake haimpendezi aliibadilisha. Ndinda, mteja aliyefika saluni ikifunguliwa, alijikuta mkiani.

“Nani amenisongesha? Ajitokeze na kichwa chake kibaya!”

Eddah alikimbia kibandani, machozi yakimlengalenga.

“Namba umeiacha public!” Nicanor alifoka. “Waione, sawa. Lakini nani alisema waibadilishe?”

Eddah akafuta macho. “Kama kioski ya maji,” akasema. “Tangi tunaliona wote. Koki anafungua mwenye kioski.”

“Kumbe! Na mimi muda wote huo nahangaika na kitanda!”

Eddah alirekebisha mstari mmoja. Namba ikawa ya kusomwa na wote na kubadilishwa na programu peke yake. Foleni ikajipanga upya, ikatulia. Mumbi akaanza hata kupangusa ile meza.

Ndipo akaingia Waceke, mwenye ploti. Saluni ni yake, hardware ni yake, kibanda cha Nicanor ni chake. Tablet ikampa namba kumi na moja. Akaibonyeza tena kwa hasira, kama anayeita lifti.

“Kitu yenu imeharibika. Mimi huwa wa kwanza.”

“Eddah, mfungulie,” Mumbi akasema.

“Haifunguki, madam. Ni private.”

“Hata kwa mwenye ploti?”

Wote wakamgeukia Nicanor, aliyekuwa mlangoni akifurahia kazi ya mwanafunzi wake. Huyu ndiye aliyehubiri private mpaka koo likakauka. Akamwangalia Waceke. Akaliangalia paa la kibanda chake.

“Eddah,” akasema kwa sauti ndogo, “si uweke public kidogo.”

“Public kidogo ndiyo nini, ticha?”

Nicanor akarudi kuliangalia paa. Eddah naye hakugusa kitu. Waceke aliipita tablet, akajikalisha kwenye kiti cha sinki, akalaza shingo. Mumbi akamtupia Eddah taulo.

Eddah akarudi kwenye shampuu, akafungulia maji. Kwenye skrini, namba moja alikuwa Ndinda, sahihi kabisa. Nicanor akarudi kibandani akijitukana kwa Kijaluo.