Siku Nilipohamisha Gia Ili Nimsalimie Baba Mkwe

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Sosiot, kwa sababu wao wakiisimulia wanaongeza chumvi, ati niligonga ng'ombe, na hakukuwa na ng'ombe siku hiyo, kulikuwa na vibuyu. Aibu ni yangu, nitaisema vile ilikuwa.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na baiskeli ya gia (wengi walikuwa na zile nyeusi nzito za kubebea maziwa), na nilijiona mtu. Kile kidude cha kubadilisha gia kilikuwa upande wa kulia, na milima yetu mnaijua, ni kupanda na kushuka mpaka uchoke, kwa hivyo mkono wangu wa kulia haukutoka hapo. Nikipita mtu natikisa kichwa tu. Hata wazee. Hata baba mkwe, mara tatu, mbele ya watu pale kwenye banda la kununulia majani chai.

"Baba anasema unamdharau," bibi yangu Chelangat aliniambia.

"Baba yako anataka nianguke ndio ajue namheshimu?" nikamjibu. (Hayo maneno nikiyakumbuka najiuma ulimi.) Kesho yake alibeba nguo zake akarudi kwao, ng'ambo ya mto.

Miezi minne. Sijui kama mnajua vile nyumba inaweza kunyamaza. Nachuma majani peke yangu, nakamua peke yangu, napika chai ya watu wawili kwa mazoea, nakunywa kikombe kimoja na kingine nakiangalia kikipoa. Nilifika mahali pa kuongea na ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe anageukia upande ule mwingine.

Ndipo nikapata akili, ama nilidhani ni akili. Kumpelekea fundi? Wapi! Nilichukua spana nikatoa kile kidude kulia, nikakifunga kushoto, ili mkono wa kulia ubaki huru nikamsalimie mzee vile inatakiwa, akiniona tangu mbali, na labda bibi yangu arudi. Niliona kabisa kwamba kimebana breki ya kushoto, ukiifinya inagonga kidude inaishia hapo. Nikasema, si kuna ya kulia.

Jumapili baada ya kanisa nikavaa koti nikateremka. Boma lao liko mwisho wa mteremko, lango lilikuwa wazi, na wote walikuwa nje: mzee kwenye kiti, mama mkwe anapanga vibuyu vyake vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, kwenye ua wa miti vikauke, wageni wa kanisani wamejaa kwenye nyasi, na Chelangat amebeba birika. Moyo uliruka nilipomwona. Nikainua mkono wa kulia juu kabisa nikaita, "Chamgei!"

Mzee akaweka kiganja juu ya macho, akanitazama. Haitikii. Sasa, kwetu humsalimii mzee halafu ushushe mkono kabla hajaitikia, na hiyo ndiyo ilikuwa kesi yangu yote, kwa hivyo mkono nikauacha juu. Baiskeli inakimbia. Nafinya breki ya kushoto, inagonga kidude, ko, ko, na ile nzima ni ya mkono ulio hewani. Nikabadilisha gia kana kwamba gia ni breki (msiniulize), mnyororo ukatoka, miguu ikazunguka bure, nikapita lango, nikampita mzee kama mtu anayeaga, nikaingia kwenye ua na vibuyu.

Mama mkwe, jamani! Mtu ambaye hata kukohoa mbele yake unafikiria mara mbili. Nilikuwa nimelala miguuni pake, suruali imepasuka pale pabaya, vibuyu viwili vipande vipande.

Mzee akasema polepole, "Chamge mising, arap Mosonik. Leo umenisalimia." Wageni wakacheka mpaka wakashika matumbo.

Chelangat hakucheka. Alileta maji ya moto kwa beseni akaniosha goti, na miezi minne hakuna mtu alikuwa amenigusa, karibu nilie hapo hapo mbele ya wakwe. Akaangalia baiskeli.

"Nani alifunga gia huko?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Mkono ubaki wa kusalimia baba yako."

Akakamua kitambaa. "Si ungeshuka tu," akasema. "Hata siku moja, ungeshuka tu." Akaingia ndani, hakutoka tena.

Nilisukuma baiskeli hadi nyumbani, na kidude nikakirudisha kulia jioni hiyo hiyo. Tangu wakati huo nikiona mtu mbali, hata mtoto, nashuka, nampa mkono, namwuliza habari za kwao mpaka achoke, na sitapita mtu nikiwa juu ya baiskeli tena, ng'o. Watu wa Sosiot wanasema nimekuwa mtu wa heshima sana. Aliyetaka kuiona hiyo heshima anaishi Kipkelion kwa dada yake, na mimi bado napika chai ya watu wawili.