Matoazi Aliyoyakosa Mjomba

Mjomba wangu alikuwa fundi wa redio mwenye duka mtaa wa Ndia Kuu, na masikio yake ndiyo yaliyomlisha. Miaka ya tisini nilimletea sidii ya jazi ya wapigaji watano, muziki ule ule aliokuwa nao kwenye santuri iliyochakaa, sasa umesafishwa upya. Nilipoiweka nilifurahi mno. Tarumbeta ilikuwa safi, na matoazi ya mpiga ngoma yalisikika hata kijiti kilipoyagusa tu.

Mjomba akakunja uso. "Wameiharibu. Mbona wameyaondoa matoazi?"

Matoazi yalikuwa yakilia mbele yetu, wazi kuliko kwenye santuri. Nikaongeza sauti.

"Na sasa, mjomba?"

"Hamna kitu." Akaniangalia. "Wewe wayasikia?"

Nilitamani kumdanganya. "Nayasikia."

Kesho yake nilimpeleka kwa daktari wa masikio, naye akatuambia nililoliogopa: sauti nyembamba, kama za matoazi, zilikuwa zimempotea, na hazingerudi.

Duka hakulifunga. Kila redio aliyoitengeneza aliniita niisikilize kwanza kabla mwenyewe hajaichukua, nami kila mara niliogopa kukosea.