Mrehani wa Otília

Zulmira alikuwa mtafuta kasoro. Ndiyo iliyokuwa kazi yake katika kiwanda cha sufu cha Covilhã: kitambaa kikitoka mashineni kilitandazwa mezani kwake, naye akapitisha kiganja juu yake akitafuta uzi uliokatika au tundu, kisha akaliziba kwa sindano hata mwenye kiwanda mwenyewe asijue palikuwa na nini. Kazi hii humzoesha mtu vibaya. Anayelipwa kutafuta makosa tangu asubuhi haachi kuyatafuta jioni, na aliyekuwa karibu zaidi wa kutafutiwa alikuwa Otília, shoga yake wa meza ya pili.

Otília hakuwa na kasoro za maana, na hilo ndilo lililomuudhi.

Mwaka ule kiwanda kilifungwa mwezi wa Juni kungoja mashine mpya. Mashoga hao wawili wakaazima mabegi ya mgongoni kwa mpwa wa Zulmira, wakaenda kuiona nchi yao: Lisbon, Tomar, Coimbra, Aveiro, na mwisho Porto, kwa treni za polepole zinazosimama kila penye nyumba mbili. Wanawake wa makamo na mabegi ya vijana! Walikula jibini waliyotoka nayo nyumbani, wakalala nyumba za wageni ambazo choo ni kimoja kwa ghorofa nzima. Zulmira ndiye aliyeipanga safari hiyo kwa miaka mingi, na moyoni aliamini kwamba safari ni yake, Otília kaalikwa tu.

Mambo yaliharibikia Lisbon. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, vichochoro vya mtaa wa Alfama moshi mtupu wa sardini za kuchoma, watu wamebanana kwenye meza ndefu. Mbele yao alikaa dereva wa tramu, mjane, jina lake Amadeu. Na mtu huyu alizungumza na Zulmira. Ndiyo, na Zulmira! Alimuuliza habari za theluji ya milimani kwao, akamchagulia samaki mnono, akacheka utani wake mpaka akakohoa. Kisha akainuka, akarudi na kichungu cha mrehani kilichochomekwa kibendera cha shairi, kile ambacho mwanamume wa huko humpa mwanamke aliyempendeza. Zulmira akanyoosha mikono yote miwili, akakipokea, uso ukiwaka moto.

"Bibie, hebu mpitishie shoga yako," Amadeu akasema. "Mkono wangu haufiki."

Akampitishia. Hakuna kilichomuuma maishani kama hicho, kwamba alikipitisha kwa mikono yake mwenyewe, tena akitabasamu.

Kabla hawajaagana, Amadeu alimwambia Otília kwamba kwa sikukuu ya Mtakatifu Yohana atakuwa Porto kwa dada yake. "Nitakungoja mchana mlangoni pa stesheni. Ukija, nitajua. Usipokuja, nitajua vilevile, wala sitakusumbua."

Basi kuanzia hapo wakawa watu watatu safarini. Kichungu kilipanda treni mapajani mwa Otília, kikalala dirishani, kikanyweshwa kabla wenyewe hawajanywa. Kwa watu wa huko mrehani haunuswi kwa pua. Unaupapasa kwa kiganja, kisha unanusa kiganja; ukiupelekea pua unanyauka, na mapenzi yananyauka nao. Otília aliupapasa kama mtu anayembembeleza mtoto mgonjwa, na abiria wakamtabasamia. Zulmira hawakumtabasamia.

"Shoga, nishikie mwanangu, naenda chooni," Otília alisema siku moja.

"Mwanao ana baba. Kamwambie amshike."

"Ehe! Leo umeamkia upande gani?" Otília akacheka, akamwekea kichungu mapajani, akaenda zake.

Asubuhi moja mjini Coimbra, Otília alishuka uani kufua. Zulmira alikuwa peke yake chumbani na ule mrehani, mviringo, kijani, umeshiba. Roho ikamuuma. Kwa nini yeye? Ana nini ambacho mimi sina? Akainama, akaitumbukiza pua yake katikati ya majani, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Harufu ilikuwa nzuri sana, na hilo nalo likamkasirisha. Kesho yake akarudia. Keshokutwa pia.

Walipofika Aveiro majani yalikuwa yameinamisha vichwa. Huenda ni jua la dirisha la treni. Mimi ninayesimulia si mkulima. Lakini Otília alipouona alikaa kitandani akashika tama.

"Kuna mtu kaunusa," akasema. "Labda yule mtoto aliyekaa karibu nasi kwenye treni?"

"Labda," Zulmira akajibu.

Siku ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana walisimama stesheni ya Aveiro na mabegi yao. Treni ya Porto inakuja upande huu, ya kurudi kusini inakuja upande ule. Otília alikuwa amekikumbatia kichungu kilichokauka, macho mekundu.

"Niambie wewe, shoga. Wewe ndiye unayeona kosa kabla ya mtu yeyote. Niende, nisiende? Ukisema niende, naenda hata na majani makavu."

Treni ya Porto ikaingia. Milango ikafunguka. Neno moja tu lilitakiwa, na Zulmira alikuwa nalo mdomoni. Halafu akaiona ile meza ya Alfama, na mikono yake mwenyewe imenyooshwa.

"Dereva wa tramu huyo, mwenzangu," akasema. "Kila kituo ana wake."

Otília alicheka kidogo, kisha akalia. Treni ikaondoka bila wao.

Katika ile ya kusini walipata viti pamoja. Zulmira alifurahi, tusimfiche, alifurahi kweli, kama mtu aliyerudishiwa mali yake. Otília akamshika mkono.

"Asante. Kama si wewe, nani angeniambia ukweli?"

Akamlalia begani, usingizi ukamchukua. Zulmira hakusogea mpaka Coimbra. Bega lilimfa ganzi, mkono ukamuuma, naye asithubutu kumwamsha, kwa kuwa akiamka angemshukuru tena.