Kila Saa Nane

Vidonge vilitakiwa viwe vimekwisha. Vilikuwa vimebaki kumi na vinne.

Nilivihesabu mara tatu juu ya kitanda cha mama mkubwa. Alipewa ishirini na kimoja, vya siku saba, na siku saba zimepita. Na anaapa hajaruka hata siku moja!

"Nimemeza kama nilivyoambiwa. Unaniona mimi mtoto?"

Mguu nao ulikuwa umechoka kusubiri. Kidole gumba kimevimba, pembeni kimeanza kuwa cheusi. Ana kisukari, na daktari alishasema wazi: dawa ikishindwa, kidole kinakatwa.

Huyu ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Damu ikanichemka.

Ngoja niwaambie kazi yangu, mtajua kwa nini. Mimi ni mkutubi wa maktaba ya hospitali. Watu wanadhani nalipwa kwa kufuta vumbi na kuwaambia wenzangu "shhh". Kumbe kila Jumatano nafundisha wauguzi namna ya kumwelekeza mgonjwa.

Miaka minne naimba wimbo uleule: usimwulize mgonjwa "umeelewa?" Atakujibu ndiyo, hata kama akili iko kwenye nguo alizoacha kwenye kamba. Mwambie, "Nieleze utakavyofanya ukifika nyumbani." Darasani tunaiita "nirudishie".

Wengine wanaandika. Muuguzi wa chumba cha vidonda yeye anasinzia, tena mstari wa mbele, bila aibu.

Na ndiye aliyempa mama mkubwa dawa. Kwangu kesi ilikuwa imekwisha.

Nikampeleka mama mkubwa hospitali, nikamkalisha kwenye benchi, nikaingia chumba cha vidonda bila hodi.

"Wewe! Ulimwelekeza nini mama yangu?"

Alikuwa anafunga bandeji. Hakuinua hata kichwa. "Dada, subiri, nina mgonjwa."

"Na mimi nina mgonjwa anayekatwa kidole kwa sababu yako! Umekalia kiti miaka yote hiyo, kusema maneno matatu unashindwa?"

Benchi zima likageuka. Nilisema mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa. Nilimwita mzembe, nikamwita muuaji. Yaani nilikuwa nimepandwa na mori, na nilikuwa naona raha.

Mara mama mkubwa huyo mlangoni, anachechemea.

"Mwanangu, unamgombeza nini mtoto wa watu? Aliniambia kila saa nane. Na kila saa nane nimemeza! Mchana nikimaliza kula, naangalia saa ya ukutani. Ikifika tu saa nane, maji, kidonge. Sijachelewa hata dakika."

Nikahesabu upya kichwani.

Kila siku, saa nane mchana. Kidonge kimoja, badala ya vitatu.

Nikamgeukia muuguzi, bado natafuta pa kumbana. "Hukumwambia akurudishie?"

"Nilimwambia. Akanijibu, 'Nameza kila saa nane.' Nikaangalia kadi, imeandikwa hivyohivyo. Ulitaka nimkosoe vipi?"

Akavuta droo, akanipa kadi ya maelekezo, ile ndogo ya njano wanayopewa wagonjwa wote wa dawa hii.

*Meza kidonge kimoja kila saa 8, kwa siku 7.*

Chini kabisa, kwa herufi za kuchungulia: *Imeandaliwa na Maktaba.*

Ni mimi. Niliikalia kadi ile wiki mbili, kitabu cha kigeni mkono huu, kalamu mkono ule. Niliposoma "kila saa nane" kichwani nilisikia kila baada ya saa nane kupita. Haikunijia hata siku moja kwamba mtu mwenye saa ukutani atasikia kitu kingine. Kwenye uzinduzi nilipigiwa makofi, nikapiga na picha.

Muuguzi hakunicheka. Heri angenicheka.

Nikatoka pale mbio hadi kwa mkuu wa mafunzo.

"Kadi zote ziondolewe leo."

"Zimebaki chache," akasema. "Zitumike tu, ziishe. Tutarekebisha toleo lijalo."

"Toleo lijalo la nini? La vidole?"

Sikusubiri jibu. Nilizunguka dirisha kwa dirisha wanakotolea dawa, nikazikusanya na kuzichana kwa mikono yangu. Barua ya onyo niliipata, na sijutii.

Ninachojutia ni zile zilizokwisha kutoka. Elfu mbili na zaidi. Sijui ni wangapi wamekaa majumbani na homa zao, wameikodolea macho saa, wakisubiri saa nane ifike.

Alhamisi mama mkubwa alikatwa kidole. Alipozinduka aliniita karibu.

"Kumbe ulisomea nini, mwanangu?"

Alikuwa anatania. Mimi nililia.

Nilimwomba radhi muuguzi palepale kwenye benchi, mbele ya watu, kama nilivyomtukana. Sasa darasani nafundisha kwa saa iliyochorwa kwenye boksi na vifungo vya shati. Mgonjwa anaweka kifungo pale atakapomeza, tunaona kwa macho.

Kwa hiyo wewe unayeandika maelekezo ofisini, mwite kwanza yule atakayeyatumia, akuonyeshe kwa mikono yake anachokwenda kufanya. Na kabla hujamvaa mtu kwa hasira, soma karatasi yote mpaka chini. Jina lililopo pale laweza kuwa lako.