Lori Lililomkataa Mama Mdogo

Baba mdogo ni dereva. Utamkuta amekalia ndoo iliyopinduliwa, grisi imempanda mpaka kiwikoni, usukani hajaushika barabarani tangu mwaka juzi, lakini ukimwita fundi anakusahihisha. Fundi ni mke wake. Mama mdogo anashona sare za shule barazani, ana vyerehani vinne na ulimi wa tano, na ile nyumba ni yake, aliachiwa na mama yake mzazi. Nalitaja la nyumba mapema kwa sababu uwanja ni wa nyumba, lori limekaa uwanjani, na lori ni la Baba mdogo. Ndoa yao ina mpaka, na mpaka wenyewe unavuja oili.

Lori ni la zamani, la pua ndefu, umri wake hakuna anayeuliza, kwa heshima. Injini yake ilikata roho mlimani ikiwa na mzigo wa mchanga. Baba mdogo hakulia. Aliiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu na kila kilichoning'inia juu yake, akanunua nyingine iliyotoka kwenye basi dogo lililopinduka. Ile ya zamani ilikuwa na nyaya chache, ungeweza kuzihesabu huku unapiga mswaki. Hii mpya ilikuja na nyaya kama nywele za mtu aliyeamshwa kwa kelele za mwizi.

Aliita fundi umeme wa kwanza. Fundi akazitazama, akaomba maji ya kunywa, akaondoka. Wa pili alisema kazi inawezekana ila asiharakishwe, na Baba mdogo akamwuliza kama amekuja kufunga nyaya au kupanga chumba. Basi akabaki mwenyewe. Alinigeukia mimi kwa sababu niliwahi kusomea umeme, lakini diploma yangu iliishia njiani na nyaya zake ziliishia hewani, tukaheshimiana.

"Umeme ni kama maji," alisema. "Unaupa njia, unakwenda."

Akaupa njia. Umeme ukaenda, sema haukwenda ulikotumwa. Ukiwasha indiketa ya kushoto, waipa zinafuta kioo. Ukipiga honi, mshale wa joto unaruka kama aliyekalia sindano. Ukikanyaga breki, taa ya ndani inawaka, na jirani yetu akasema hiyo ni nzuri, utaona vizuri unachokwenda kugonga. Kanyagio la mafuta nalo lilikuwa linapata moto mpaka linachoma unyayo. Baba mdogo akasema hiyo ndiyo nguvu ya injini, inatafuta pa kutokea. Nyaya zilizosalia alizikata, akazifunga kwa utepe mweusi, akatangaza kwamba ni za redio. Lori halijawahi kuwa na redio.

Lakini liliwaka. Hapo tusimnyime haki yake. Kila asubuhi alifungua boneti, akachukua mtaimbo, akaigonga stata kama daktari anayempiga mgonjwa kofi la kumwamsha, akaulaza mtaimbo juu ya injini, ncha moja ikiegemea fremu ya lori, akapanda na kuzungusha ufunguo. Injini ikanguruma, kuku wakakimbia, watoto wa jirani wakashangilia. Akaizima ili asimalize dizeli, akaenda kunawa.

Taabu ilikuwa moja tu. Lori halikumtaka Mama mdogo.

Akipanda yeye, ufunguo unazungushwa, kunasikika tik. Unazungushwa tena, tik. Akishuka, Baba mdogo anarudi kwenye boneti na mtaimbo, anagonga, anaulaza tena, linawaka. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya tatu jirani alianza kumtazama Mama mdogo kwa jicho la pembeni, na Baba mdogo, badala ya kunyamaza kama mume mwenye akili, akasema mbele ya watu, "Mke wangu ana nuksi na vyuma. Si kosa lake. Kuna watu wako hivyo."

Mama mdogo akarudi kwenye cherehani. Wanaomjua wakaanza kuaga.

Alijibu baada ya siku chache. Alikuwa amepata chumba cha duka sokoni, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Alimwita mumewe barazani, akaongea huku mguu unakanyaga cherehani, sindano haikupunguza mwendo.

"Jumamosi nahamia dukani. Vyerehani, meza ya kukatia, majora, vyote. Mke wa dereva hakodi dereva. Utanipeleka wewe."

"Hilo tu? Kwani kuna kazi?"

"Jumapili anakuja yule wa vyuma chakavu, na mtungi wake wa gesi wa kukatia. Jumamosi kisipotoka changu, Jumapili kinatoka chako. Uwanja nautaka."

"Sasa unamwita mtu aje kumkata mwenzio mguu?"

"Mguu unatembea, baba. Hilo lako limekaa."

Tangu siku hiyo Baba mdogo hakula vizuri. Mtu hawezi kujiita dereva huku amesimama mahali ambapo lori lilikuwa. Atakuwa mume wa fundi cherehani tu, na yeye alilijua hilo kuliko sisi.

Jumamosi asubuhi aliamka mapema, akagonga, akaulaza mtaimbo wake, akaliwasha, likanguruma vizuri. Akazima, akaenda kuoga na kuvaa shati la safari. Sisi tukapakia vyerehani na meza, majirani wakasaidia, hasa kwa macho. Mama mdogo alifunga mlango wa nyumba, akapita mbele ya lori, akarekebisha hiki na kile, akashusha boneti, akapitia stoo, akapanda na kujifunika khanga mpya mapajani.

Tik.

"Shuka kwanza," alisema Baba mdogo kwa sauti ndogo.

"Sishuki."

"Mama watoto, shuka. Hili likikuona linanywea."

Alishuka. Alishuka taratibu sana, na waliokuwa wamesimama karibu na mlango wakasogea. Baba mdogo akafungua boneti, akaingiza mkono, akautoa mtupu.

"Mtaimbo wangu uko wapi?"

"Stoo. Unapotakiwa kukaa."

"Nani kakutuma kuutoa?"

"Kila siku nautoa. Kila siku unauacha humo kama mwiko ndani ya sufuria. Ulidhani unarudi stoo kwa miguu yake?"

Akaenda mwenyewe kuuleta. Sijui kama alitaka kumpa mumewe au kumpiga nao, ila alipofika aliutupa juu ya injini, na ulipogusa fremu zikaruka cheche. Akarudi nyuma hatua moja. Kisha akatulia, akautazama ule mtaimbo kwa jicho lile analotazamia shati linalobana kwapani.

"Washa," alisema.

Baba mdogo akapanda, akazungusha ufunguo, likawaka. Akachungulia dirishani, meno nje. "Mmeona? Kashuka, limewaka."

"Zima."

"Kwa nini nizime na limeshawaka?"

"Zima. Mimi nguo ikigoma sing'oi mikono yote. Nafumua mshono mmoja, najaribu. Mimi niko chini, sijapanda." Akauondoa mtaimbo, akausimamisha kando yake kama askari na bunduki. "Sasa washa."

Tik.

Akaurudisha. "Washa." Likanguruma. Akauondoa, tik. Majirani wakaanza kuhesabu kwa pamoja.

"Haya, niambie," alisema, "kati yangu na hiki chuma, nani anasubiriwa na lori lako?"

Baba mdogo alishuka. Akainama, akaitazama injini iliyokalia mipira yake, haigusani na fremu popote. Nikamwona anakumbuka. Ule mkanda mnene wa waya wa kusuka, uliokuwa unaunganisha injini ya zamani na fremu ili umeme upate njia ya kurudi kwenye betri, aliuuza pamoja na injini. Alidhani ni wa kuizuia isidondoke. Miezi yote hiyo umeme ulikuwa unarudi kwa kubanana ndani ya kebo ya kanyagio la mafuta, ndiyo maana likamchoma unyayo.

"Nitaufunga huu mtaimbo kwa mpira," alisema. "Tutafika."

"Vyerehani vyangu havipandi gari lililofungwa kwa mpira."

Ilibidi aukate ule waya wake mnene wa kuazimia moto kwenye betri za watu, mali aliyoilinda kuliko kitambulisho. Akabana ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye fremu, akaliwasha bila chuma chochote juu yake. Likaitika mara moja.

"Panda basi," alisema.

Mama mdogo hakusogea. "Lile la nuksi ulilisema mbele ya nani?"

Akatazama majirani. Majirani wakatazama mbele, hawana pa kwenda.

"Kosa lilikuwa la lori," alisema.

"La lori?"

"La aliyefunga nyaya."

"Nani alifunga?"

Dizeli ilikuwa inaungua, na kila sekunde ilimpita usoni. "Mimi," alisema.

Mama mdogo akatoa simu, akampigia mtu wa vyuma chakavu. "Kesho usije. Hapana, sijapata bei nyingine. Nimepata dereva." Akapanda, akafunga mlango, hakuridhika na ulivyolia, akaufungua na kuufunga tena kwa nguvu zaidi.

"Twende. Na tukifika sokoni usizime kwanza. Nataka wasikie nimekuja na nini."