Kitambaa cha Donge

Shuka la mama lilipochakaa, nilikata sehemu iliyobaki nzima, nikaipinda pembeni kwa sindano, nikapata kitambaa cha kufunika donge la mkate. Kitambaa hicho hakiguswi na sabuni. Unakikung'uta tu, unga ubaki ndani ya nyuzi, donge lisinate.

Siku nilipoagizwa mikate ya harusi, mdogo wangu akakifua kwa sabuni ya marashi, akakipiga pasi!

“Yaya,” akaniita kama mdogo amwitavyo mkubwa wake, “ilikuwa chafu. Minyi nimekusaidia.”

“Umenisaidia? Weye njo umeua mikate ya harusi!”

Donge lilinata, likachanika, likanuka kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Wenye harusi wakatafuta mikate kwingine, na mimi niliyeota kuwa mwokaji wa Kamina nzima! Nilioka mmoja tu wa donge hilo, nikampa mdogo wangu. Alitafuna, akaomba maji. Nikakataa: amalize kwanza.