Baiskeli za Krismasi na shamba la chini

Mimi sijawahi kupanda baiskeli ya gia, wala sina hamu nayo. Lakini kwa Krismasi tatu nilikuwa mtu wa lazima katika safari za baiskeli za ukoo wa mume wangu, kwa sababu wanaume wakienda kujiburudisha lazima mtu atangulie na sufuria.

Kwetu Mwika, mlimani Uchaggani, Desemba ndio mwezi wa watu kurudi. Walioko Dar na Arusha wanapanda nyumbani na magari, zawadi na maneno mengi, wanakaa mpaka mwaka mpya, kisha wanatuachia chupa tupu. Kinara wao alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Alikuwa anatoa mizigo ya watu bandarini, kazi iliyoota kama uyoga siku zile biashara ilipofunguliwa. Katika kontena moja la mitumba ya Ulaya alikuta baiskeli za milimani, zenye matairi manene na gia zisizo na idadi. Mtu mwenye akili angeziuza. Yeye alizifunga juu ya pikapu, akazileta kijijini na kutangaza kwamba wanaume wa ukoo watashuka nazo mlima hadi shamba la chini. Ndivyo wazungu wanavyopumzisha akili, alisema, na akaongeza kwamba sisi tumekaa juu ya mali bila kujua.

Shamba la chini naomba nilieleze, maana ndilo roho ya habari hii. Mlimani tuna kihamba: migomba, kahawa, ng'ombe bandani na makaburi ya wazee. Hakitoshi. Ndiyo maana familia nyingi zina shamba jingine chini kabisa, kuvuka barabara kuu ya Himo, kule kwenye joto, miiba na mawe, ambako mvua inakuja kwa kubembelezwa. Huko tunalima mahindi na maharage, na kiangazi tunakata majani ya ng'ombe. Bei ya kahawa ilipoanguka mpaka watu wakaanza kuing'oa, shamba lile ndilo lililolisha wanangu. Kwenye maneno lilikuwa la ukoo. Kwenye jembe lilikuwa langu. Tangu nilipoolewa nilishuka kwa miguu na kupanda kwa miguu, mzigo kichwani, na hakuna aliyeniambia kwamba napumzisha akili.

Basi siku iliyofuata Krismasi walijipanga uani, shemeji, mume wangu na binamu zao watatu. Shemeji alivaa kofia ngumu na kaptula ya kubana iliyong'aa. Mama mkwe alimtazama kutoka juu hadi chini, akamuuliza taratibu, "Baba, suruali umeiacha wapi?" Akajibu kwamba ndiyo sare ya mchezo. Mama akaingia ndani, na hakutoka tena mpaka walipoondoka.

Mimi na mawifi tulikuwa tumetangulia na machalari ya ndizi na nyama, dumu la pombe ya mbege na maji. Njia ile naijua. Inaanza vizuri kwenye vivuli vya migomba, halafu kivuli kinaisha, udongo unageuka vumbi, mvua za miaka mingi zimechimba makorongo, na yale mawe meusi ya mlima yamesimama katikati ya njia kama yaliwekwa kwa makusudi. Tulisikia kelele juu yetu, tukasimama pembeni. Wakapita mmoja mmoja, macho yamewatoka, hakuna aliyekuwa anaendesha. Baiskeli ndizo zilizokuwa zinawaendesha wao.

Mbele yetu alikuwa bibi mmoja na kuni zake. Kwetu humpiti mzee bila kumwamkia, hata kama nyumba inaungua. Shemeji aliamkia, siwezi kumnyima haki yake. Ila shikamoo aliiacha juu, na marahaba ikamkuta korongoni. Binamu mmoja aliingia kwenye mgunga, na jioni mke wake alifanya kazi ya kumtoa miiba sehemu ambazo siwezi kuzitaja. Mume wangu alifika amekaa, lakini breki alikuwa ameshika kwa viatu, viatu vya kanisani nilivyomnunulia mimi. Chini walikula, wakanywa, wakasimuliana walivyoponea chupuchupu, kisha pikapu ikaja kuwapandisha na baiskeli zao. Sisi wenye masufuria tulipanda kama tulivyoshuka. Gari lilikuwa limejaa.

Mwaka wa pili hivyo hivyo, ila kaptula zikawa nyingi.

Mwaka wa tatu shemeji alikuja na mgeni, rafiki yake wa Dar, Mchagga wa Kibosho, mnene, mpole, mwenye baiskeli yake mwenyewe. Usiku wa kuamkia safari, mgeni akiwa amelala, wanaume wa ukoo walikaa kikao. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi nilikuwa jikoni, lakini ukuta wa jiko letu ni mbao. Nikamsikia shemeji akiwaambia ndugu zake kwamba shamba la chini liuzwe. Liko mwisho wa dunia, alisema. Jangwa lile nani analilima? Halina faida kwa mtu yeyote. Nikasubiri mume wangu aseme jambo. Mume wangu ni mtu mwema, na sehemu kubwa ya wema wake ni kunyamaza. Niliinamia moshi wa kuni nikalia, na si kwa sababu ya moshi.

Asubuhi nilishuka na sufuria kama kawaida, moyo umejaa. Walipofika, wamejaa vumbi hadi kwenye meno, shemeji hakukaa kula. Alimzungusha mgeni shambani, kona hadi kona. Wakati huo palikuwa na mabua makavu tu. Nikawapelekea maji, nikamsikia akisema, "Umeona mwenyewe. Kutoka nyumbani mpaka hapa ni pua na mdomo. Hata jasho hujatoka."

Nilisimama na kopo langu la maji. Usiku shamba lilikuwa mwisho wa dunia, asubuhi limekuwa pua na mdomo. Shamba halijasogea hata hatua moja. Kilichosogea ni ulimi wa shemeji.

Mungu naye ana mizaha yake. Siku ile pikapu haikuja. Dereva alikuwa amepata mbege mahali, na pale walipompatia hawakumwacha aondoke. Wanaume walingoja mpaka jua likawa la utosi, mwisho wakaanza kusukuma baiskeli kuelekea mlimani. Watu husema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Aliyetunga maneno hayo hakuwa na shamba la chini. Kwetu kushuka ni bure. Ngoma ni kurudi.

Nilikata mzigo wa majani ya ng'ombe, nikaubeba kichwani, nikawafuata. Haikuchukua muda nikawafikia. Binamu mmoja alikuwa amelala chali, baiskeli juu yake. Shemeji alikuwa anakokota yake kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Mgeni alikuwa amekaa juu ya jiwe, kofia ngumu mapajani, uso umekuwa rangi ya bilinganya. Nikampa maji yaliyobaki.

"Shemeji," akaniuliza, "bado mbali?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni pua na mdomo."

Alinitazama, akautazama mzigo wangu. "Wewe njia hii unaipita mara ngapi?"

"Kila wiki. Wakati wa palizi na mavuno, kila siku. Lile shamba nalilima mimi."

"Niliambiwa halina mtu."

"Ulidanganywa," nikasema, na nikaendelea kupanda, maana majani yakikauka ng'ombe hawali. Nyuma yangu nilisikia shemeji ameanza kueleza mambo, lakini pumzi hakuwa nayo.

Kesho yake alfajiri shemeji alikuja mlangoni kwetu, amevaa suruali, mkononi ameshika sale. Kwa asiyejua, sale ni mmea wa majani marefu ambao kwetu tunapanda mipakani kuonyesha shamba ni la nani, na mtu akikukosea akakuletea jani lake, unasamehe. Hakuna kukataa. Mchungaji hapendi mila, lakini akiletewa sale naye anapokea kwa mikono miwili. Shemeji hakuleta jani, alileta tawi zima na shina lake. Akainamisha kichwa, akasema amenikosea. Nilifurahi, sitadanganya. Hakuna mwanamume wa nyumba ile aliyewahi kuniletea sale. Nikapokea.

"Basi yameisha," akasema, na sura ikamrudia. "Mgeni alishatoa kianzio tangu tukiwa Dar, na nimeshakitumia kwenye nyumba yangu ya Dar. Mwezi wa nne anakuja na mpimaji. Umeshanisamehe, kwa hiyo nakuomba usimwongeleshe tena habari za kulima."

Niliona giza kwa hasira. Kumbe alikuwa ameomba radhi ya kesho, kwa kosa ambalo bado alikuwa analifanya. Mume wangu alikuwa amesimama pale pale, anaangalia ndara zake. Kusamehe nilikuwa nimesamehe. Shamba hakuwa ameniomba.

Siku ile ile nilishuka na lile tawi. Nikalipanda mwanzo wa shamba, pale njia inapoingilia, nikalizungushia mawe, na kila niliposhuka nililibebea maji kwenye dumu.

Mwezi wa nne mgeni alikuja na mpimaji, safari hii kwa gari. Mahindi yangu yalikuwa yamefika magotini, na sale lilikuwa limetoa majani mapya. Mpimaji alitaka kuling'oa apitishe kamba yake. Mgeni akamshika mkono. Mtu wa Kibosho hahitaji kufundishwa kwamba sale la mpakani haling'olewi. Akaniuliza, "Hili limeletwa na nani hapa?"

"Shemeji yangu," nikamjibu. "Alinikabidhi mwenyewe, kwa mikono yake, mbele ya mume wangu."

Akamwambia mpimaji akunje kamba, wakaingia kwenye gari, wakarudi Dar kumdai shemeji kianzio.